Kwa nini binti anachagua uhandisi, na anachagua lini

Kwenye kikao cha wazazi wa kidato cha pili, baba mmoja wa Igombe alisimama akauliza swali ambalo nimelisikia kwa namna nyingi tangu nianze kufundisha fizikia hapa Ilemela, Mwanza. "Mwalimu, huyu binti yangu amekaza shingo, anataka sayansi, eti awe injinia. Sasa ndiyo atashinda chini ya magari?" Mama aliyekaa jirani yake akadakia kwamba siku hizi wasichana wanakimbilia huko kwa sababu wanapendelewa mikopo. Mwingine akasema ni mkumbo tu: tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kila mtoto anataka kujenga daraja. Wa nne akaongeza kwamba kazi hiyo inataka akili ya hesabu na nguvu, na wasichana hawana. Halafu mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa upole kabisa: "Asome tu, lakini nani atamwoa?"

Muda haukutosha. Nilimjibu kila mmoja nusunusu, na majibu ya nusunusu kwenye jambo kama hili yanaharibu, kwa sababu mzazi anarudi nyumbani na nusu aliyoipenda. Kwa hiyo naandika hapa nilichotaka kusema siku ile kama tungekuwa na jioni nzima.

Tuanze na neno. Mhandisi limetoka Kiarabu, kwenye handasa, yaani elimu ya maumbo na vipimo. Mtaani tunasema injinia, na hapo ndipo tunapopotezana, kwa sababu sikio linasikia "injini" na akili inakimbilia gereji. Wapo wahandisi wanaoshughulika na injini, lakini wapo pia wa maji, wa barabara na madaraja, wa umeme, wa migodi, wa kompyuta, wa mazingira, wa vifaa vya hospitali, wa usindikaji wa vyakula. Mwenye kiwanda cha sangara pale Mwanza anamhitaji mhandisi wa majokofu kuliko anavyomhitaji mtu wa gereji.

Jambo la pili ni ngazi. Serikalini na kwenye kampuni utakuta vyeo vitatu ambavyo watu huvichanganya. Fundi mchundo ndiye mwenye mikono: anajenga ukuta, anachomelea, anavuta nyaya, mara nyingi amepita VETA. Fundi sanifu ana stashahada: anapima, anachora, anasimamia kazi ya kila siku, anahakikisha kilichochorwa ndicho kinachojengwa. Mhandisi anakokotoa na kuamua: nguzo iwe nene kiasi gani, bomba libebe msukumo gani, waya upitishe umeme kiasi gani bila kuungua. Kitu kikianguka, saini ni yake. Nisieleweke vibaya hapa. Fundi mchundo mzuri ni hazina, na mhandisi asiyemsikiliza atajuta. Ila ni kazi tofauti, na mzazi anapaswa kujua binti yake anazungumzia ipi.

Kisheria pia jina hilo si la kujipachika. Tuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo wengi wanaifahamu kwa herufi ERB, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1997. Binti akimaliza shahada, ambayo kwa kawaida ni miaka 4, anasajiliwa kama mhandisi mhitimu. Kisha anafanya kazi chini ya usimamizi wa wahandisi wazoefu, na upo mpango maalumu wa miaka 3 kwa ajili hiyo, ndipo aombe kuwa mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo tunazungumzia safari ya miaka 7 baada ya kidato cha sita. Mkumbo hauwezi kumbeba mtu miaka 7.

Sasa kazi yenyewe ikoje? Tupande kidogo milima yetu.

Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba zimeng'ang'ania miamba kuanzia Igogo hadi Mabatini, na ziwa liko chini likiangaliwa na kila mtu. Mgeni hushangaa: watu wanakaa kando ya ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, kisha wanapandisha maji kwa ndoo kichwani! Lakini jaribu kulipandisha ziwa hilo. Kila mita 10 unazopandisha maji, sehemu ya chini ya bomba hubeba msukumo wa karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Ukitaka maji yafike kwenye tangi lililo mita 100 juu, bomba la chini linabeba kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba, mara nne au tano ya msukumo wa tairi la gari dogo. Bomba dhaifu litapasuka bondeni ili watu wa juu wapate maji. Bomba nene mno litamaliza bajeti kabla hujafika kileleni. Mhandisi anaugawa mlima kama ngazi: anaweka tangi hapa, pampu ndogo pale, tangi jingine juu zaidi, ili pasiwe na mahali panapobeba mzigo wote peke yake.

Na maji yakipanda, majitaka lazima yashuke. Hapo mwamba unagoma tena. Huwezi kuchimba shimo refu la choo kwenye jiwe, gari la kunyonya majitaka halipandi vichochoro vile, na huwezi kulipua mwamba ulio mita mbili kutoka kitandani kwa mtu. Suluhisho lililotumika kwenye baadhi ya makazi yetu ya milimani ni mfumo rahisi wa majitaka: mabomba membamba, yamelazwa karibu na uso wa ardhi, yakipita katikati ya nyumba na kufuata mteremko wa mlima wenyewe. Ukilitazama utasema ni jambo dogo. Lakini ili bomba lipite pale, mtu alipaswa kukaa na kila kaya, kujua choo kiko wapi, nani anafua wapi, maji ya mvua yanapita wapi, mtoto anachezea wapi. Anayeyajua hayo vizuri kuliko wote nyumbani ni mama. Naliweka hapa kwa makusudi, nitalirudia.

Nije sasa kwenye swali lenyewe: kwa nini binti anachagua? Nimefundisha miaka ya kutosha kuona kwamba tunalianza swali hili mwishoni. Tunamuuliza msichana aliyekwisha kufika chuo kikuu, "Kwa nini ulichagua uhandisi?" naye anatafuta sentensi nzuri ya kutupa. Ukweli ni kwamba hakuchagua siku moja. Uhandisi ni nyumba yenye milango mingi mfululizo, na mlango mmoja ukifungwa, ile inayofuata huioni kabisa.

Mlango wa kwanza uko kidato cha pili. Baada ya upimaji wa kitaifa mwanafunzi anachukua mchepuo. Hisabati inabaki kwa wote, lakini fizikia na kemia mtu anaweza kuziacha. Anayeiacha fizikia ana miaka kama 15 au 16. Hajui uhandisi ni nini, hakuna aliyemweleza, anaiacha kwa sababu mwalimu alikuwa mkali, au kwa sababu rafiki zake watatu wanakwenda sanaa, au kwa sababu shule haina maabara na somo zima limekuwa la kukariri. Siku ile ile, bila kujua, ameiacha PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati za kidato cha tano, na kwa kuiacha PCM ameliacha daraja, bomba na mtambo wa umeme. Miaka minne baadaye tutasema wasichana hawapendi uhandisi.

Mlango wa pili ni hisabati ya kidato cha nne, somo ambalo linaangusha wengi nchini, wavulana kwa wasichana. Wa tatu ni tahasusi ya kidato cha tano: fizikia, kemia na hisabati, au fizikia, jiografia na hisabati. Upo pia mlango wa pembeni ambao wazazi wengi hawaujui: kutoka kidato cha nne kwenda stashahada ya ufundi, kisha shahada. Ni njia ndefu kidogo lakini ni halali kabisa, na baadhi ya wahandisi wazuri niliokutana nao walipita huko, wakafika chuo kikuu wakiwa tayari wameshika vifaa.

Kati ya milango hiyo kuna mambo ambayo hayamo kwenye mtaala. Msichana anayetoka shule saa tisa, anachota maji, anapika, anaogesha wadogo zake, anafungua daftari la hisabati saa nne usiku. Kaka yake alilifungua saa kumi na mbili. Tofauti ya saa hizo nne, siku tano kwa wiki, miaka minne, ndiyo tunayoiita "wasichana hawana akili ya hesabu". Na hadi Novemba 2021, msichana aliyepata ujauzito shule ya serikali hakuwa na njia ya kurudi kwenye mfumo rasmi. Sasa anaruhusiwa. Wangapi wenye vichwa vya hesabu waliishia pale kabla ya ruhusa hiyo, ni jambo linaloniuma kila nikilifikiria.

Kwa hiyo anayefika mwisho, ujue kila mlango kulikuwa na mtu aliyeushikilia. Ukiwauliza wahandisi wanawake polepole, bila haraka ya mahojiano, karibu kila mmoja atakutajia mtu: baba mwenye karakana aliyemwachia ashike bisibisi, mjomba fundi redio, mwalimu mmoja wa hisabati, dada wa jirani aliyetangulia. Hiyo ndiyo sababu namba moja, na haifanani na sababu wanazozisema watu kwenye daladala.

Baada ya hiyo ndipo zinakuja sababu wanazozisema wenyewe, nami ninazo kadhaa nilizozisikia kwa masikio yangu.

Ipo ya tatizo la nyumbani. Yule binti wa Igombe, ambaye baba yake ndiye aliyeuliza la magari, mama yake ni mchuuzi wa dagaa pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inakoshusha samaki. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mitumbwi ikiwa na taa, zamani karabai za mafuta ya taa na sasa taa za betri na sola. Alfajiri wanashushwa, na kuanzia hapo ni kazi ya akina mama: kununua, kuanika, kugeuza, kukusanya. Jua likiwaka siku nzima, jioni unafunga gunia. Mvua ikinyesha mchana, wanaoza, bei inashuka hadi kuwa chakula cha kuku. Binti huyu alinionyesha daftari lake. Amechora kichanja kilichoinuliwa kutoka mchangani, juu kimefunikwa nailoni angavu iliyoinama, pembeni ameacha uwazi. Ukurasa wa pili una jedwali: alipima kilo moja ya dagaa wabichi kwenye mizani ya mama yake, akawapima tena kila baada ya saa mbili, waliokuwa mchangani na waliokuwa kwenye wavu, akaandika namba kwa kalamu ya risasi, nyingine amefuta na kuandika upya. Chini ameniuliza kwa mwandiko mdogo: "Madam, upepo ukipita chini wanakauka haraka kuliko jua likiwa kali bila upepo. Kwa nini?"

Hilo ndilo swali la uhandisi. Hewa iliyosimama juu ya dagaa inajaa unyevu kama nguo iliyolowa, haiwezi kupokea maji zaidi; upepo unaiondoa na kuleta hewa kavu. Hakuna aliyemfundisha. Na sidhani kama angekuwa mvulana angeliona, kwa sababu mwaloni wavulana wanakwenda majini, wasichana ndio wanaobaki na dagaa.

Hapa narudi kwenye lile la vyoo vya milimani. Watu wakisema wanawake wanaingia uhandisi kwa sababu "wanapenda kusaidia jamii", mimi nasita kidogo, maana inaonekana kama hisani. Nionavyo, kila mtu huyaona matatizo yaliyo karibu na mikono yake. Ukiwa na wahandisi wanaume watupu, matatizo yaliyo karibu na mikono ya wanawake yatachelewa kuonekana, si kwa ubaya wa mtu. Pia kuna jambo linalojulikana katika nchi nyingi: fani kama uhandisi wa mazingira na wa vifaa tiba huvutia wasichana wengi kuliko uhandisi wa mitambo. Fizikia ni ile ile. Kilichotofautiana ni kwamba kwenye zile mbili mtu anaona waziwazi kazi inamfikia nani. Walimu tungeanza somo la umeme na wodi ya watoto njiti badala ya kuanza na mota, huenda tungeshangaa.

Ipo sababu nyingine ambayo haisemwi sana, nami naipenda kuliko zote. Msichana mmoja aliniambia: "Hisabati haimwangalii mtu usoni." Kwenye insha mwalimu anaweza kuona umeandika kwa majivuno. Nyumbani ukisema neno la maana wanasema mtoto wa kike usijibu wakubwa. Lakini ukipata x ni 7, na x ni 7, hakuna wa kukunyang'anya. Kwa mtoto aliyezoea kunyamazishwa, hiyo ni raha ambayo sisi wengine hatuijui.

Wengine wanavutwa na fedha, na sioni aibu kulisema. Kanda yetu ina migodi ya dhahabu Geita, ina reli ya kisasa ya kilomita 341 inayojengwa kutoka Mwanza hadi Isaka, ina viwanda vya samaki, ina meli. Wavulana wakitaka mshahara mzuri tunawaita wachapakazi. Binti naye akitaka, aachwe.

Na wapo wanaovutwa na jambo zito zaidi. Watu wa ziwa hili hawajasahau MV Bukoba ya Mei 1996, wala MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 na kuondoka na watu zaidi ya 200. Siku niliyofundisha kitovu cha uzito nilitumia mtumbwi: ukikaa chini unatulia, ukisimama unayumba, wote mkisimama upande mmoja unapinduka. Chombo ni kile kile na watu ni wale wale, kilichobadilika ni mahali uzito ulipo. Msichana wa Ukerewe, mpole, asiyeuliza swali hata mara moja kwa muhula, aliinua mkono: "Kwa hiyo mtu anaweza kuhesabu kabla?" Nikamwambia ndiyo, inahesabika kabla, kwenye karatasi, na ndiyo kazi ya wahandisi wa meli. Hakuiacha fizikia.

Sasa niwajibu wazazi wangu wale mmoja mmoja.

La akili. Kama ubongo wa mwanamke ungekuwa haufai kwa uhandisi, basi ungekuwa haufai kila mahali kwa kiasi kile kile. Lakini takwimu za UNESCO za mwaka 2021 zinaonyesha wanawake walikuwa asilimia 28 ya wahitimu wa uhandisi duniani, na hapo hapo Algeria ni asilimia 48.5, Tunisia 44.2, Peru 47.5, huku Japani, nchi tajiri yenye viwanda, ikiwa na asilimia 14 tu. Mwanamke wa Algeria na wa Japani wana ubongo mmoja. Walichotofautiana ni shule, matarajio na kile ambacho nyumbani wanakiona cha kawaida. Hapa kwetu, ambako kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, hatujapata vizazi vingi vya kuzoea.

La upendeleo. Kuna misaada, kweli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwa na mafunzo ya awali kwa wasichana waliokaribia alama za kuingia uhandisi: walifundishwa hisabati na fizikia, wakapewa mtihani, na aliyefaulu ndiye aliyeingia. Wakishaingia, mtihani ulikuwa mmoja kwa wote. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, unawaendea waliofanya vizuri zaidi sayansi kidato cha sita, wavulana na wasichana. Shule mpya za wasichana za sayansi za mikoa zinawapa mabweni, yaani zinawarudishia zile saa nne za jioni nilizozitaja. Mimi hilo siliiti upendeleo. Mkimbiaji uliyemfunga gunia la mahindi mgongoni, ukilishusha hujampendelea.

La nguvu. Hili ndilo nililieleza kwa mfano kwenye kikao, na ndilo lililowanyamazisha. Chukueni zege la daraja. Daraja la Kigongo–Busisi lina kilomita 3, limesimama majini, na uzima wake umo kwenye zege. Zege ni kama ugali: unga mmoja, sufuria moja, lakini maji yakizidi kidogo umeharibu. Mafundi wanapenda zege laini kwa sababu linamiminika bila kusumbua. Tatizo ni kwamba yale maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu visivyoonekana, na nguvu inapungua. Sasa lori la zege limefika. Utajuaje ndani kuna nini?

Kuna koni ya chuma, kimo chake sentimita 30, iko wazi juu na chini. Unaisimamisha kwenye bati, unaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unalichoma kwa fimbo ya chuma mara 25 ili hewa itoke. Unasawazisha juu. Kisha unainyanyua koni taratibu, wima. Zege linabaki peke yake, halina wa kulishika, nalo linashuka. Unaweka koni pembeni, unapima kwa rula limeshuka sentimita ngapi. Likishuka kuliko ilivyopangwa, maji yamezidi. Jingine unalijaza kwenye vibao vya mchemraba wa sentimita 15, likiganda unavitunza vipande hivyo majini, na siku ya 7 na ya 28 unavibana kwenye mashine mpaka vipasuke, unaandika vimestahimili uzito gani. Kazi yote hii haimhitaji mtu mwenye misuli kuliko mama anayesonga ugali wa msiba. Inamhitaji mtu mwangalifu, asiyedanganya namba, na asiyeogopa kumwambia mtu mkubwa hapana.

Na si jambo jipya. Daraja la Brooklyn kule New York lilipokuwa likijengwa, mhandisi mkuu Washington Roebling aliugua kwa sababu ya kufanya kazi ndani ya vyumba vya hewa iliyoshindiliwa chini ya maji. Mke wake Emily alijifunza hisabati na nguvu za vifaa, akawa anakwenda eneo la kazi na kusimamia maelekezo kwa miaka zaidi ya 10. Lilipokamilika mwaka 1883 yeye ndiye aliyetangulia kulivuka kwa gari la farasi, amempakata jogoo kama ishara ya ushindi. Ng'ambo ya ziwa letu, Winnie Byanyima wa Uganda alisomea uhandisi wa ndege Uingereza kabla watu hawajamjua kwa siasa na Umoja wa Mataifa. Zanzibar, Katibu Mkuu Kiongozi aliyeteuliwa mwaka 2021, Zena Ahmed Said, ni mhandisi.

Lipo ambalo wazazi hawakuuliza, na lilipaswa kuulizwa: wakishafuzu, kwa nini baadhi wanaacha? Hili silifichi kwa wasichana wangu. Unafika eneo la ujenzi choo ni kimoja, hakina komeo. Kambi haina chumba cha wanawake. Buti za usalama zinaanzia namba 41. Msimamizi anakutuma chai mbele ya mafundi. Na kuna wanaodai ngono ili wakupe nafasi ya mafunzo au wakusainie kitabu cha kazi. Kila binti ajue: hilo ni kosa la jinai, limetajwa kabisa kwenye sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU ndiko kunakoripotiwa. Ajue pia likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mwajiri hafanyi hisani akiitoa. Nawaeleza mapema kwa sababu aliyeingia kwa hasira ya kuwaonyesha watu kwamba anaweza, nimeona anachoka haraka. Hasira inakufikisha getini tu. Anayedumu ni yule mwenye tatizo analotaka kulitatua, na mwenye wenzake wa kumpigia simu usiku.

Mzee wangu wa nyuma, aliyeuliza la ndoa, nilimfuata baada ya kikao. Nilimwamkia, tukakaa chini ya mwembe. Aliniambia hakuwa anabisha. Ana wajukuu watano wa kike na anaogopa wasije wakabaki peke yao. Ni hofu ya upendo, nami siidharau. Nilimwambia wahandisi ninaowajua wameolewa, wengine hawajaolewa, kama ilivyo kwa walimu, wauguzi na wauza dagaa. Akatikisa kichwa, akaniuliza mjukuu wake wa kidato cha kwanza anunuliwe kitabu gani cha hisabati.

Baba wa Igombe yeye alikuwa ananisubiri getini, fomu ya mchepuo ya binti yake ameikunja mara nne mkononi.

"Mwalimu, ile koni ya zege. Zege likishuka vibaya, huyo msichana anafanya nini?"

"Analikataa."

"Lori zima?"

"Lori zima, baba. Anaandika kwenye kitabu, anasaini, dereva anageuza."

Aliikunjua fomu, akailaza kwenye ukuta wa geti, akaniomba kalamu.